Saa ya mkononi inatakiwa kudumu miaka mingapi, na betri yake je?

#1 MshaleMfupi

Wakuu, habari za muda huu.

Nina saa ya mishale niliyoachiwa na marehemu baba. Ni ya betri, usoni imeandikwa QUARTZ, na jina la kiwanda limeshafutika nusu. Enzi za uhai wake sikuwahi kumsikia akiilalamikia. Ilipofika mikononi mwangu ilikaa kwenye droo miaka kadhaa ikiwa imesimama, maana sikuwa na moyo wa kuivaa. Mwaka juzi nikaitoa nikaipeleka kwa fundi, akatia betri, ikaanza kutembea palepale. Ikaenda miezi tisa. Nikaenda kwa fundi wa pili, akatia nyingine, hiyo ikaenda miezi mitano. Sasa imelala tena.

Fundi wa pili anasema, "Saa imezeeka hii, inakula betri, tafuta nyingine." Jamaa yangu kazini anasema tatizo si saa, betri zote siku hizi ni feki. Nimebaki katikati.

Kwa hiyo naomba wajuzi: betri ya saa inatakiwa kukaa muda gani hasa? Na saa yenyewe ina umri wa kufa, au ni sisi tunaoziua? Sitaki kuambiwa ninunue nyingine. Nyingine ninazo.

#2 KimyaKirefu

Nimekaa mstari wa mbele. Yangu ilisimama wiki iliyopita, nikawahi mkutano wa jana.

#3 SautiYaAlarmu

Mkuu pole. Mimi ni mtu wa tarakimu. Nina Casio F-91W, ile nyeusi ya plastiki ambayo kila mtu amewahi kuwa nayo au amewahi kuiazima. Kiwandani wanasema betri miaka 7. Yangu imefika mwaka wa 11 na betri ileile, na alarmu bado inaniamsha.

Siri yake si muujiza. Ndani kuna betri ya CR2016, ya lithiamu, volti 3, na chaji yake ni kama mara tatu ya kile kidonge kidogo cha kwenye saa za mishale. Halafu haina mota wala gurudumu la kusukuma. Kile kioo cha tarakimu hakitoi mwanga, kinatia giza tu sehemu fulani, ndiyo maana hakili kitu. Kinachokula ni taa na mlio. Ile miaka 7 inahesabiwa kwa mtu anayewasha taa mara moja kwa siku na kuacha alarmu ilie sekunde chache. Mimi taa siigusi, na alarmu naikata mlio wa kwanza.

Mdogo wangu alikuwa na kama hiyo hiyo. Usiku mzima anabonyeza taa kuchezea. Haikumaliza miaka minne.

#4 FundiJichoMoja

MshaleMfupi, kabla hatujamlaumu mtu tufanye hesabu, maana betri ya saa ni hesabu tupu.

Saa nyingi za mishale za ukubwa wa kawaida hutumia betri iliyoandikwa SR626SW. Wengine wanaiita 377, ni kitu kimoja chenye majina mawili. Upana milimita 6.8, unene 2.6. Ndani yake kuna chaji ya takriban miliampia-saa 28. Mashine nzima ya kwatzi, ndiyo hiyo QUARTZ ya usoni kwako, hunywa kama maikroampia 1, yaani sehemu moja ya milioni ya ampia. Miliampia-saa 28 ni sawa na maikroampia-saa 28,000. Kwa unywaji wa 1, hizo ni saa 28,000 za kutembea. Mwaka una saa 8,760. Gawanya: miaka mitatu na kidogo. Mashine inayokunywa pungufu ya hapo inasogea kwenye minne.

Sasa geuza hesabu kwa yako. Miezi tisa ni kama saa 6,500. Gawanya 28,000 kwa 6,500, unapata zaidi kidogo ya 4. Kama betri ya kwanza ilikuwa nzima, basi mashine yako inakunywa mara nne ya kawaida. Hapo fundi wako hakukudanganya: inakula betri kweli. Alipokosea ni kusema imezeeka, kana kwamba uzee ndio ugonjwa.

Kinachotokea ni hiki. Ndani kuna kipande cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Saketi inagawanya namba hiyo kwa mbili mara 15 mfululizo mpaka inabaki mpigo mmoja kwa sekunde. Mpigo huo unapita kwenye koili ya waya mwembamba kuliko unywele, koili inageuza kisumaku kidogo nusu mzunguko, magurudumu yanasogea, mshale unaruka. Sasa yale magurudumu yana mafuta, matone madogo mno. Saa ikikaa miaka kwenye droo mafuta yanakauka au kugeuka gundi. Saketi nyingi zina akili ya kujua kisumaku hakikugeuka, basi zinarudia kwa mpigo mkubwa zaidi. Mshale unaruka kama kawaida, wewe unaona saa nzima, kumbe kila sekunde inasukumwa kwa nguvu ambayo haikupangiwa.

Betri ya pili nina mashaka nayo zaidi. Kuna kidonge kinachofanana na SR626SW kama pacha, kinaandikwa LR626 au AG4. Hicho ni cha alkalini. SR ni oksidi ya fedha: inaanza volti 1.55 na inakaa hapohapo karibu maisha yake yote, kisha inaanguka ghafla. LR inaanza 1.5 na kushuka taratibu tangu siku ya kwanza, na chaji yake ni kama nusu. Si feki, imetengenezwa kwa ajili ya vidude vya kuchezea na tochi ndogo. Ukiitia kwenye saa yenye afya itakwenda. Ukiitia kwenye saa inayokunywa mara nne, 14,000 gawanya kwa 4 ni saa 3,500, ambazo hazifiki miezi mitano. Umesema ilikwenda miezi mingapi vile?

Fungua kifuniko cha nyuma, au fungulisha, unisomee namba iliyoandikwa kwenye betri. Na ukishafungua tazama upande wa ndani wa kifuniko. Utaniambia umeona nini.

#5 MshaleMfupi

Fundi umenitoa jasho. Mitano kasoro siku kadhaa.

Kwa hiyo betri si feki na saa haijazeeka? Kesho naitafutia bisibisi. Ila swali: kwa nini betri ya saa mpya dukani nayo huwa inakufa mapema? Niliwahi kununua saa mpya kabisa, mwaka mmoja na nusu ikazima, wakati kitabu chake kinasema miaka mitatu.

#6 SautiYaAlarmu

Hiyo naijibu mimi. Ile betri ya kwanza imetiwa kiwandani kwa ajili ya kupima kama saa inatembea, na tangu siku hiyo inaliwa. Ikisafiri, ikikaa stoo, ikikaa kabatini mbele yako, mshale unatembea. Siku unayoinunua hujui imeshatembea miaka mingapi. Soma kitabu vizuri, utakuta wameandika kwa herufi ndogo kwamba betri hiyo inaweza kuisha kabla ya muda uliotajwa.

Ndiyo maana saa nyingine mpya zinakuja na kile kiplastiki kinachozuia kitufe cha pembeni kurudi ndani. Kitufe kikiwa kimevutwa mota inasimama, na mota ndiyo mlaji mkubwa. Kwatzi inaendelea kutetema kimyakimya.

#7 MzeeMizunguko

Vijana mnahangaika na vidonge. Mimi saa yangu ni ya otomatiki, haijui betri ni nini. Ndani kuna uzito wa nusu duara unaozunguka mkono ukitembea, unakaza springi, springi inasukuma magurudumu. Nikiivua Ijumaa jioni, Jumapili asubuhi bado inanong'ona. Nimeivaa tangu kijana wangu wa kwanza hajazaliwa, na sasa yeye ana watoto. Saa ya betri ni ya kutupwa, ya otomatiki ni ya kurithisha. Hilo halihitaji hesabu.

#8 FundiJichoMoja

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, nalo linahitaji hesabu.

Mashine kama Seiko 7S26, iliyotoka mwaka 1996 na kuingia kwenye saa nyingi sana, inapiga mara 21,600 kwa saa moja. Hiyo ni mara 6 kwa sekunde, mara 518,400 kwa siku. Kwa mwaka inapita milioni 189. Kila pigo ni chuma kinagusa jiwe la rubi juu ya tone la mafuta. Mafuta yakikauka haisimami, na hapo ndipo hatari ilipo: inaendelea kutembea huku egzeli zinajisaga. Watengenezaji wengi wanashauri isafishwe na kutiwa mafuta upya kila baada ya miaka kadhaa, wengine mitano, wengine wanakwenda mpaka kumi. Mzee, yako ilifunguliwa lini mara ya mwisho?

Sisemi otomatiki haidumu. Inadumu vizazi, kweli, kwa sababu kila kipande chake kinaweza kubadilishwa na fundi mwenye mikono. Lakini gharama ya kuifungua mara moja inanunua vidonge vya maisha mazima. Na kwa usahihi haishindani: otomatiki ya kawaida ikikosea sekunde 10 kwa siku tunasema iko salama. Kwatzi ya bei nafuu inakosea sekunde 15 au 20 kwa mwezi.

#9 MzeeMizunguko

Marahaba fundi. Haijawahi kufunguliwa.

Siku hizi inakimbia dakika tatu kwa siku, nilidhani ni mimi ninayechelewa.

#10 FundiJichoMoja

Ikikimbia ghafla hivyo, shuku sumaku kwanza. Kile kispringi chembamba kinachopumua katikati kikishika sumaku, mikunjo yake inagandana, kinakuwa kifupi, saa inakimbia. Spika ya redio, kifuniko cha simu chenye sumaku, vyote vinatosha. Kuna kifaa cha kuondoa sumaku, kazi ya nusu dakika. Ikigoma baada ya hapo, ifunguliwe.

Ya betri ikikaribia sumaku yenyewe inasimama tu, ukiiondoa inaendelea. Unabaki kuirekebisha.

#11 ShangaziWaJua

Mbona hakuna aliyezitaja za mwanga? Nina Citizen ya Eco-Drive mwaka wa 17 sasa. Uso wake unapitisha mwanga, chini yake kuna kisahani cha sola, umeme unaingia kwenye kibetri cha kuchaji. Ikijaa inaweza kukaa gizani kama miezi sita bila kusimama. Sijawahi kuifungua. Citizen walianza mchezo huu mwaka 1976 na saa ya mishale ya kutumia mwanga, jina la Eco-Drive likaja 1995.

Ila nikiri kosa langu. Niliwahi kuifungia kwenye sanduku nikaisahau zaidi ya mwaka. Kuitoa, imekufa kabisa. Niliiweka dirishani siku tatu mfululizo, siku ya kwanza mshale ulikuwa unaruka sekunde mbilimbili, nikadhani imeharibika. Kumbe ilikuwa inaomba chakula. Ikaamka. Lakini nimeambiwa kuichosha hivyo mara kwa mara ndiyo njia ya uhakika ya kukiua kile kibetri.

Wanaovaa mikono mirefu muda wote nao wajue: saa iliyofunikwa na shati imekaa gizani, hata kama wewe uko juani.

#12 FundiJichoMoja

Shangazi umesema vizuri, na ule mruko wa sekunde mbilimbili usipite hivihivi. Hata saa nyingi za betri ya kawaida zina ishara hiyo. Mshale ukianza kuruka sekunde mbili kwa pamoja, au nne kwa pamoja kwenye baadhi ya mashine za Uswisi, saa inakwambia betri inaisha. Muda bado ni sahihi. Watu wananiletea wakidhani meno ya gurudumu yamevunjika.

Nyingine ya za mwanga: msikubali kutiliwa betri ya kawaida mahali pa betri ya kuchaji. Casio nyingi za sola zinatumia CTL1616. Kwa umbo ni sawa kabisa na CR1616, inaingia, saa inawaka, mteja anashukuru anaondoka. Lakini CR haichajiki. Sola inaendelea kusukuma umeme kwenye kitu kisichopokea, nacho kinaweza kuvimba au kuvuja ndani ya saa. Nimezipokea mbili za namna hiyo. Moja ilipona.

Na wale wanaojibadilishia wenyewe saa za tarakimu: kwenye Casio nyingi, karibu na betri, kuna alama ya AC. Ukishaweka betri mpya, gusisha hapo na upande wa chanya wa betri kwa kibano cha chuma kwa sekunde mbili hivi. Bila hivyo skrini inaweza kubaki tupu au kuonyesha vitu vya ajabu, ukaitupa saa nzima kwa kukosa sekunde mbili. Ila hapo ndipo pekee pa chuma. Betri yenyewe ishike kwa kibano cha plastiki. Chuma kikigusa juu na ubavuni kwa pamoja kinaifyonza, na vidole vinaacha mafuta na chumvi.

#13 SkriniNdogo

Naona mnanicheka kimoyomoyo. Mimi nachaji yangu kila usiku.

#14 KimyaKirefu

Hatucheki mkuu. Tunakuonea huruma.

#15 SkriniNdogo

Sawa, lakini tuseme ukweli wote. Saa janja ni kompyuta iliyofungwa mkanda. Ina skrini inayotoa mwanga, redio, vipima mapigo ya moyo. Kuilinganisha na kidonge cha maikroampia 1 ni kulinganisha treni na baiskeli. Apple wao kwa miaka mingi walitangaza saa 18 za matumizi, kuanzia ile ya kwanza ya 2015, na wanasema betri imeundwa kubakiza mpaka asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mizunguko kamili 1,000. Ukichaji kila siku, hiyo ni chini ya miaka mitatu kabla hujaanza kuona upungufu wa kweli. Haifi siku hiyo, ila zile saa 18 zinaanza kuwa 14.

Kinachoniuma mimi si betri. Yangu ya kwanza betri ilikuwa bado nzuri, simu mpya ikagoma kuzungumza nayo kwa sababu programu zake zimeacha kusasishwa. Saa nzima, kioo hakina hata mkwaruzo, haina kazi. Hiyo ndiyo aina ya kifo ambayo saa ya baba yake MshaleMfupi haitakutana nayo.

#16 Msomapembeni

Mnajua lakini kwamba hata za betri za mwanzo zilikuwa hivyohivyo? Hamilton walitoa saa ya kwanza ya mkononi ya umeme mwaka 1957, na sifa yake mojawapo ilikuwa kusumbua: ilikuwa na vigusio vidogo vya kufunga na kufungua umeme ndani yake, na vilichakaa. Mwaka 1960 Bulova wakaja na Accutron. Hiyo haikutikatika, ilikuwa na uma wa chuma unaotetema mara 360 kwa sekunde, na ukiiweka sikioni inavuma kama nyuki. Siku ya Krismasi ya 1969 Seiko wakaanza kuuza Astron, ya kwanza ya kwatzi, yenye kukosea sekunde 5 tu kwa mwezi wakati ambapo nyingine zilikosea hivyo kwa siku. Betri yake ilikaa kama mwaka mmoja.

Halafu 1972 ikaja Pulsar, ya kwanza ya tarakimu za umeme, kwa taa nyekundu za LED. Zile taa zilikuwa na kiu kiasi kwamba skrini ilikaa giza mpaka ubonyeze kitufe. Fikiria: umenunua kitu cha thamani ya gari kuukuu, na ili kujua saa unahitaji mkono wa pili. Mwaka uliofuata Seiko wakatoa ya kioo cha LCD kinachoonyesha muda wote, na mambo ya LED yakafifia yenyewe.

Miaka kumi baadaye, 1983, Casio wakatoa G-Shock. Mhandisi wake Kikuo Ibe alijiwekea malengo matatu ya kumi: ianguke mita 10, ihimili shinikizo la maji la bar 10, betri ikae miaka 10. Nalipenda hilo la tatu, kwa sababu ilimaanisha mtu hatakiwi kuifungua. Na saa isiyofunguliwa…

#17 FundiJichoMoja

…ndiyo inayodumu. Umemalizia vizuri kwa kutomalizia.

Saa nyingi za betri haziuliwi na miaka. Zinauliwa katika zile dakika tano za kubadilisha betri. Kuna mpira mwembamba kati ya kifuniko na mwili wa saa, tunauita oringi. Ukikatika, ukikauka, ukirudishwa umepinda, au fundi akiudondosha na kuona uvivu kuutafuta, saa inarudi mkononi inatembea vizuri kabisa. Jasho linaanza kuingia siku hiyo. Utajua miezi kadhaa baadaye, asubuhi moja ukiona ukungu chini ya kioo.

Kwa hiyo yale maandishi ya mita 30, mita 50, msiyasome kama kina cha kuzamia. Ni kipimo cha shinikizo la maabara, kwa saa mpya yenye mpira mpya. Mita 30 ni manyunyu na kunawa mikono. Kuogelea anza na 100. Na maji ya moto yenye sabuni ni adui kuliko maji ya baridi ya mtoni, kwa sababu joto linalegeza mpira na sabuni inapita pasipopita maji.

Mwingine ni betri iliyokufa kuachwa ndani. Ikikaa muda mrefu inaweza kuvuja magadi yanayokula koili na vigusio. Kama hutaivaa, itoe betri. Droo haihifadhi kitu.

#18 NesiMstaafu

Samahani kuingilia, naongeza jambo moja ambalo mafundi hawalisemi. Mkishabadilisha betri, ile kuukuu msiiache mezani. Mtoto mdogo akiimeza ikakwama kooni, hata kama "imekufa", bado ina umeme wa kutosha kuunguza nyama, na madhara makubwa yanaweza kuanza ndani ya saa mbili. Zile bapa za lithiamu za milimita 20 ndizo mbaya zaidi kwa sababu zinakwama. Ukishuku tu, hospitali mara moja. Usimtapishe, usisubiri atoe choo.

Basi, endeleeni na mishale yenu.

#19 FundiJichoMoja

Asante mama. Kwangu kuna kopo lenye mfuniko, na mfuniko una gundi.

#20 MshaleMfupi

Wakuu nimerudi. Samahani kwa ukimya, sikutaka kuja mikono mitupu.

Nilifungua mwenyewe. Betri: LR626. Fundi ulikisia ukiwa umekaa kwako. Oringi ilikuwepo, ila imekatika sehemu moja na ncha zake zimepishana, wazi kabisa mtu aliibana na kifuniko akaona na ifungike hivyohivyo. Kwenye kigusio cha betri kulikuwa na unga mweupe wenye kijanikijani. Huo si wa betri hii, ni wa ile iliyokaa ndani miaka yote ya kwenye droo. Fundi wa kwanza aliweka mpya juu yake.

Nikampelekea fundi wa tatu, mama mmoja mtu mzima, mpole, asiyependa maneno. Kabla ya kufanya lolote aliweka saa kwenye kipimo: maikroampia 4 na ushee. Nikamwambia najua, akanitazama kwa jicho la pili. Aliniuliza kama nataka abadilishe mashine nzima, maana kuna mashine mpya kama Miyota 2035 zinazoingia kwenye saa nyingi na kazi inakwisha upesi kuliko kusafisha. Nikasema hapana, kama inawezekana ibaki hiihii. Akafungua gurudumu moja moja, akasafisha, akatia mafuta kwa kitu kama sindano, akafuta ule unga, akaweka SR626SW mbele yangu ikitoka kwenye pakiti. Kipimo kikasoma 0.9. Betri moja, kwa hesabu yenu, miaka mitatu na nusu.

Sasa upande wa ndani wa kifuniko. Fundi ulijua, sivyo? Kumekwaruzwa kwa ncha ya kitu chembamba, herufi ndogo kiasi kwamba nilihitaji lenzi yake:

8/03
3/07
12/10
7/14

Yule mama akaniambia mafundi wa zamani walikuwa wakiandika hivyo kila wanapofungua, ili anayekuja baadaye ajue. Mwandiko wote ni mmoja. Baba alikuwa akienda kwa mtu yuleyule miaka yote hiyo, na mimi sikuwahi hata kumuuliza ni nani. Miaka mitatu na miezi saba, mitatu na tisa, mitatu na saba. Baada ya hapo hakuna kitu. Hawa wawili wa kwangu hawakuandika chochote.

Nilimwomba yule mama aniachie nikwaruze mimi. Akanipa sindano. Tarehe imepinda kidogo kwenye namba ya mwezi, ila inasomeka.

#21 MzeeMizunguko

Mwanangu, huyo mama anapokea otomatiki?

#22 MshaleMfupi

Anapokea mzee wangu. Nakutumia maelekezo faraghani.

#23 FundiJichoMoja

Nilijua, ndiyo. Oringi mpya ameitia?

#24 MshaleMfupi

Ameitia, na silikoni juu.